Mwaka wa Kutafuta Hewa

Kwenye kilio cha Ngosa, mwezi uliopita, mtu mmoja mwenye koti jeusi alishika maikrofoni akasema kwamba marehemu alikuwa mtu wa bahati, kwamba tangu ujana wake kazi ilimfuata mpaka mlangoni. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki uani kwake, hapa Kenya, ile komini ya mji wa Lubumbashi na si nchi, wanawake upande wa jikoni, wanaume upande wa barabara, na moshi wa masufuria ulituingia machoni hata usijue nani analia kwa uchungu na nani kwa moshi. Niliposikia neno bahati nilijifunika mdomo kwa ncha ya kikwembe, kitenge changu. Mama aliyekaa karibu nami alidhani nimezidiwa, akanipapasa mgongo. Sikuwa nalia. Nilikuwa namwona Ngosa wa zamani, kijana wa miaka thelathini, amekaa kwenye ukingo wa kitanda mchana kweupe, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni kama mtu anayetaka kutoka, na hana pa kwenda. Mtu akifa mzee, wanaobaki humtengenezea maisha yaliyonyooka. Miaka iliyopinda hawaijui. Mimi naujua mmoja, na kati ya tuliokuwa pale siku hizo tumebaki mimi na Kazadi, ambaye sasa hata majina ya wajukuu wake yanampotea. Kwa hiyo nauandika.

Sitasema nilizaliwa wapi wala na nani. Naanzia kwenye stoo ya garaji moja karibu na reli, mjini Lubumbashi, mahali nilipofanya kazi ya magazinye, yaani mtunza vifaa. Wanawake wa kazi hiyo walikuwa wachache, na madereva waliokuja kuomba mkanda au plagi walinitazama kwanza mikono, kisha uso, kama wanaotafuta mwenye stoo wa kweli amejificha wapi. Ilikuwa miaka ya Zaire. Majina ya Kizungu tulikuwa tumeyaacha. Jina langu la Madeleine lilibaki kanisani, kazini nikawa Mwansa, Sitwayen Mwansa, yaani raia Mwansa. Kila asubuhi, kabla mtu hajashika spana, tulisimama uani tukaimba nyimbo za chama na kupiga makofi, mafundi wakiwa na overoli zao za mafuta, kisha ndipo kazi ilianza. Mwenye garaji alikuwa Mgiriki mzee aliyesema Kiswahili chetu bila kosa. Serikali ilipochukua biashara za wageni na kuwagawia wananchi, alikuja stoo asubuhi moja bila kofia yake, akasimama akitazama rafu. Ngosa, mmoja wa mafundi wetu, alikuwa ndani, anatafuta bushi. Mzee akasema, "Mwansa, ile pistole kidogo, umupatie Ngosa. Njo yeye aliifufua, ikuwe yake." Pistole ni ile mashine ya hewa ya kufungulia nati za magurudumu, ile inayopiga kelele tatatata. Hiyo ilikuwa imevunjika nyundo yake ya ndani, na Ngosa aliichonga nyingine kwa mikono, siku baada ya siku, mpaka ikapiga tena. Nikaitoa kwenye rafu nikampa. Mgiriki alitushika mkono sote wawili, akaondoka. Hakuna aliyeandika kitu, wala hakuna aliyefikiri kuandika.

Aliyepewa garaji aliitwa Lwamba. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha kwa sura. Alinukia vizuri, abakosti yake, ile suti isiyo na tai, ilipigwa pasi mpaka inakata, na alipenda kucheka. Ila hakuwa na haja ya garaji. Alikuwa na haja ya vilivyomo. Mashine ya kuchonga vyuma ikaondoka juu ya lori, kisha jeki kubwa za kunyanyulia magari, kisha kompresa kubwa ya umeme iliyokuwa moyo wa nyumba ile. Siku iliyoondoka kompresa, mafundi walisimama wakiitazama inavyofungwa kamba, kama watu wanaotazama jeneza la jirani. Ndipo Lwamba alipoiulizia pistole. Nikamweleza mbele ya wote: mzee aliagiza nimpe Ngosa, mimi ndiye niliyempa. Akacheka. "Muzungu haweze kutoa kintu chenye Leta ilinipatia mimi. Ngosa, weye uko muizi." Leta, yaani serikali, hakuna aliyebishana nayo. Ngosa alikuwa na kitambaa mkononi, akaendelea kujifuta vidole ambavyo vilikuwa vimeshatakata. Lwamba akamwonyesha mlango. Siku hiyo hiyo habari ilifika Kenya kabla yeye mwenyewe hajafika.

Nilikwenda kumwona baada ya wiki chache. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia la kikwembe. Upande huu meza, upande ule kitanda na watoto. Mama Feza, mke wake, alitupakulia bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga iliyochemshwa kwa chumvi tu. Niliona jinsi alivyoigawa ile bukari: tonge la kwanza kubwa kwa mgeni, kisha watoto, kisha mume, na yeye akakaa akikwangua sufuria kwa kijiko muda mrefu, ili sauti ya kijiko itufanye tuamini anakula. Ngosa alinieleza kwamba kila garaji aliyopita walimpokea vizuri mpaka alipotaja jina lake. Kisha akainama, akavuta kitu chini ya kitanda, kimefungwa kwa shati la mtoto. Ilikuwa pistole. Alikuwa ameipaka mafuta. "Unaona, mudogo wangu," akaniambia, "banasema niliiba, na hata kuitumikisha siwezi. Bila hewa, hii iko jiwe tu." Nakumbuka alivyoirudisha chini ya kitanda kwa mikono miwili, polepole.

Sasa ikaja habari ya mashindano. Katika majira ya ukavu watu wa chama cha magari walipanga mbio kwenye barabara ya vumbi nje ya mji, kupita Kasungami, na wakubwa wote wangehudhuria. Lwamba alinunua gari jeupe lenye nguvu, akamteua Kazadi, dereva wetu wa kujaribu magari, awe mwendeshaji. Kisha akatukusanya uani. Hakutuzunguka kwa maneno. Gari likishinda, wakubwa wa kampuni ya migodi wataona kazi yetu, watatuletea magari yao madogo, na garaji itaishi. Likishindwa, jengo litakuwa depo ya bia. Mtu wa bia alikuwa ameshakuja kupima milango. "Nyimbo tumeimba ya kutosha," akasema. "Sasa mufanye." Walikuwepo pale wanaume wenye watoto sita, saba. Hakuna aliyepiga makofi.

Kwenye mbio zile hakuna gari lililoweza kumaliza kwa magurudumu yaleyale. Mawe mekundu ya barabara yalichana mipira kama kisu, kwa hiyo kila gari lilisimama mara moja katikati na kubadilishiwa yote manne. Hapo ndipo watu waliposhinda au waliposhindwa. Kwa spana ya msalaba, kwa mikono, fundi hodari alikuwa bado anahangaika na gurudumu la pili wakati mwenye pistole keshamaliza. Timu za mjini zilikuwa na vifaa vyao. Sisi tulikuwa na stoo tupu, na Lwamba alinielekezea kidole mimi: "Weye njo magazinye. Tafuta kompresa na pistole."

Nikatafuta. Nilitembea komini yote ya Katuba kwa miguu, nikamkuta fundi mmoja wa kupaka magari rangi, mwenye kompresa nzuri ya umeme, tangi safi, mpira mpya wa hewa. Alikuwa tayari kutuazima. Nikamshukuru nikaondoka, kwa sababu pale Kasungami hapakuwa na nguzo hata moja ya umeme. Palikuwa na mihogo na vichuguu. Kisha Kazadi akasikia juu ya msimamizi mmoja upande wa migodi, mwenye kompresa ya dizeli ya kutobolea miamba, kubwa kama kibanda, inayovutwa kwa lori, na pistole ya kufungulia magurudumu ya malori makubwa ya madini. Tulikwenda kumwona. Pistole ile niliishika kwa mikono miwili na bado ikanivuta chini. Tulikuwa tumebeba kitovu cha gurudumu cha gari lililokufa, ili tuijaribu. Kazadi akabonyeza. Ikapiga mara moja tu, na chuma cha skrubu kinachoshika gurudumu kikakatika kama muwa. Akajaribu kingine, kikakatika vilevile. Tukatazamana. Kifaa cha kumfungulia tembo huwezi kumfungulia mbuzi.

Lakini kompresa yenyewe Kazadi aliitaka. Msimamizi alisema itoke Jumamosi, bila karatasi, irudi Jumatatu, na kila mtu anyamaze. Njiani kurudi Kazadi alinibembeleza, kisha alinikasirikia. "Mwansa, hii iko hewa ya kuweza kuendesha magari kumi!" Nikamwambia hiyo ni mali ya Leta, tukikamatwa nayo barabarani hakuna atakayetuuliza mbio. "Na depo ya bia?" akauliza. "Kule batatafuta dereva wa mbio?" Alikuwa na mke mjamzito na mama mgonjwa katika nyumba moja, na alikuwa akiongea kama mtu anayezama. Nilikataa, hata hivyo, na tukatembea njia nzima yeye upande huu wa barabara na mimi upande ule.

Ikabaki njia moja: kutengeneza kompresa sisi wenyewe, na kutumia pistole ndogo. Na kwa yote mawili tulimhitaji Ngosa. Nilimwendea Lwamba nikamwambia. Akatikisa kichwa, akacheka, akatembea mpaka dirishani, akarudi. Alilitaka sana kombe la mbio zile. "Muite," akasema. Nikaenda Kenya. Ngosa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atakuja kwa sharti moja tu: yule aliyemwita mwizi mbele ya watu, amwite vingine mbele ya watu walewale. Basi asubuhi moja, baada ya nyimbo, Lwamba alisimama akitazama viatu vyake akasema, "Ngosa hakuiba. Tuendelee na kazi." Yalikuwa maneno machache na alikuwa na haraka nayo, lakini nilimwona Ngosa amefumba macho. Kwa miezi mingi baadaye nilijiuliza kama maneno yanayotolewa kwa haja yana uzito wowote. Siku ile yalikuwa nao. Alivua shati, akavaa overoli yake, akaingia kazini kama aliyetoka likizo.

Jambo la kwanza alilotufundisha ni kwamba pistole haili nguvu ya hewa tu, inakula wingi wake. Tangi dogo linaweza kuonyesha sindano iko juu kabisa; unabonyeza, nati ya kwanza inatoka ikiruka, ya pili inatoka, ya tatu inaguna, ya nne inakataa, na nyuma yako kompresa inahema kama mtu aliyepanda kilima. Tulihitaji tangi kubwa. Lilikuwepo moja, limetupwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, refu kama mtu, na Kazadi aliliona kuwa zawadi ya Mungu. Ngosa aliligonga kwa kidole, akatega sikio. Akatuamuru tulijaze maji mpaka juu, tufunge, kisha tusukume maji zaidi kwa pampu ya mkono mpaka msukumo upite ule tutakaotumia. Kazadi alilalamika kwamba tunapoteza siku. Tukasukuma. Ghafla mshono wa chini ulipasuka kwa mlio mdogo tu, pyaa, na maji mekundu ya kutu yakatulowanisha mpaka magotini. Basi. Ngosa akaingiza mkono mzima kwenye ule mwanya. "Maji ikipasua chuma, inakulowanisha," akasema. "Hewa ikipasua, banakuokota bipande." Kazadi hakulalamika tena.

Tulichukua matangi madogo ya hewa ya breki kutoka basi lililopinduka, tukayapima yote kwa maji, yaliyovumilia tukayaunganisha kwa mabomba. Kompresa ilikuwa ya breki za lori, na ya kuizungusha tulipata mota ndogo ya petroli ya pampu ya maji, ya mkulima mmoja wa Kasungami. Mpira wa hewa nilichagua mimi: mfupi na mnene, maana mwembamba na mrefu unakunywa hewa njiani. Tulifunga vyote juu ya fremu ya kitoroli chenye magurudumu mawili. Haikuwa na sura ya kitu chochote. Ilitetemeka mpaka meno yanagongana. Lakini ilijaza, na Ngosa alipobonyeza, pistole ikalia, na wanaume wazima wakakumbatiana katika karakana tupu. Hesabu yetu ilikuwa hivi: hewa ya kufungulia magurudumu yote manne, na kukaza tutakaza kwa mkono. Ya kukazia haikuwepo. Kama kompresa ingesimama hata kidogo, tungekwisha.

Siku ya mbio upepo ulikuwa mkali na vumbi lilisimama hewani kama ukuta. Wakulima walipanda juu ya vichuguu ili waone. Lwamba alikaa chini ya turubai pamoja na wakubwa, na mke wake, Mama Odia, akiwa na mwavuli. Mimi nilikuwa kwenye kompresa, Ngosa na pistole, mafundi wawili kwenye jeki, wengine na magurudumu mapya na spana za msalaba. Tangu asubuhi tulikuwa tumekunywa munkoyo tu, kinywaji chetu cha mahindi. Mara Kazadi akatokea katika lile vumbi, wa kwanza, mbele ya wote, mpira mmoja wa mbele umebaki nyuzi. Akasimama pale hasa alipoambiwa. Jeki zikapanda. Pistole ikalia gurudumu la kwanza, la pili, na nati zikaruka vumbini, na niliwaza, Mungu wangu, tutaishi.

Kwenye la tatu, mkanda ukaruka. Mota yetu ilitetemeka kupita kiasi, puli ikasogea, mkanda ukatoka ukaning'inia, na sindano ikaanza kushuka mbele ya macho yangu. Ngosa hakugeuka, alisikia. Sauti ya pistole ilikuwa inazeeka. Akapiga kelele, "Mwansa! Hewa!" Kuzima mota na kuiwasha upya kungechukua muda ambao hatukuwa nao. Niliushika mkanda kwa mkono wa kushoto nikausukuma juu ya puli inayozunguka. Ulipanda. Ulipanda na kidole changu ndani yake. Sikumbuki maumivu, nakumbuka sindano ikiinuka, na sauti ya pistole ikirudi ujana, na nati ya mwisho, ile iliyoungua kwa joto ikang'ang'ania, ikiachia. Kidole kile mpaka leo hakinyooki. Wakati huo magari mawili yalikuwa yametupita. Kazadi aliondoka akiwa wa tatu, akampata mmoja karibu na mwisho. Mwingine hakumpata. Tulikuwa wa pili.

Wa pili kati ya timu zenye vifaa vya dukani! Watu wa vichuguu walishuka kutushika mikono. Mimi nilikuwa nimefungwa kidole kwa kitambaa, nikimtazama Lwamba akija. Alipita mbele ya kompresa yetu bila kuitazama. "Munanipatisha haya mbele ya bakubwa," akasema, akaingia kwenye gari lake.

Jumatatu tulikuta kufuli jipya langoni. Mlinzi tusiyemfahamu alitueleza kwamba vyote vilivyomo ni mali ya jengo, overoli zetu tutapewa, na kwamba Ngosa arudishe pistole kabla ya wiki kwisha, la sivyo polisi watakwenda kuichukua, pamoja na yeye. Kompresa ilikuwa ndani. Pistole ilikuwa chini ya kitanda. Tulisimama pale mpaka jua likawa kali, kisha tukaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuagana, na Kazadi alikaa chini ukutani akaficha uso katika magoti.

Nilikwenda kwa Ngosa siku ya Jumamosi. Hakuna aliyesikia hodi yangu. Yeye na Mama Feza walikuwa nyuma ya pazia, na nikasikia yote nikiwa nimesimama mlangoni.

"Nitairudisha," Ngosa alisema.

"Ukiirudisha, unakubali ulikuwa muizi."

"Na nikiikatala, njo kifungo."

Sauti ya mwanamke, imechoka mno: "Basi irudishe. Jina haiko bukari. Batoto habawezi kukula jina."

Nikasikia kitanda kikilia, na kitu kizito kikiburutwa sakafuni, na kisha mwanamume yule, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alianza kulia kwa pumzi fupifupi kama mtoto aliyekatazwa kulia. Niligeuka nikarudi nyumbani. Nimeishi muda mrefu, nimezika wengi, na sauti ile bado ndiyo ninayoisikia nikisikia neno umaskini.

Kesho yake, baada ya misa, sikubadilisha nguo. Nilifunga kitita: vikwembe viwili, sabuni, kandambili. Nikaenda nacho kwa Lwamba. Alikuwa amehamia nyumba ya Mgiriki, yenye zulia, na friji imewekwa sebuleni ili kila anayeingia aione. Walikuwa mezani, yeye na Mama Odia, kuku na wali. Harufu ya kuku yule ilinitia kizunguzungu. Lwamba hakuniambia nikae.

"Ile ni nini?" akauliza, akionyesha kitita.

"Bikwembe ya kulalia, Sitwayen. Na sabuni."

"Unaenda safari?"

"Naenda kwenye mutamupeleka kaka Ngosa. Pistole ilitoka mu mikono yangu. Kama yeye muizi, mimi njo nilimupatia. Mutufunge bote wawili." Nilikihamisha kitita mkono wa pili. "Lakini kule bataniuliza, sababu niko magazinye. Bataniuliza bintu byote byenye byilikuwa mu stoo byilienda wapi. Mashine ya kuchonga. Majeki. Kompresa ya Mugriki. Byenye Leta ilikupatia utumikishe, si kuuzisha. Na mimi siwezi kubadanganya bapolisi."

Aliweka mfupa kwenye sahani. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni. "Unajua nani iko nyuma yangu, weye mutoto mwanamuke?"

"Najua, Sitwayen. Njo maana nilibeba sabuni."

Nilitazama zulia. Niliwaza watu waliochukuliwa nyumbani kwao kwa maneno madogo kuliko hayo na hawakurudi. Kila mtaa ulikuwa na mmoja. Ndipo Mama Odia, aliyekuwa hajainua macho, akasogeza bakuli la wali mbele ya mumewe. "Baba," akasema kwa upole, "chakula inapoa."

Lwamba alimtazama mke wake, akanitazama mimi, akachukua kijiko. "Mutu wa bia iko na haraka," akasema kama anayeongea na wali. "Ile takataka yenu ya machuma inafunga njia. Kesho muitoe mu jengo yangu. Na nisikuone tena." Pistole hakuitaja. Nilisema aksanti, nikatoka, na kwenye kona ya barabara nikakaa juu ya kitita changu. Miezi mingi baada ya hapo kila hatua ya kiatu karibu na mlango wangu iliniamsha. Hakuna aliyekuja. Kwa nini Lwamba hakumtuma mtu, sijui; huenda alisahau. Watu kama sisi tulisahaulika haraka, na mara hiyo kusahaulika kulitusaidia.

Tulikisukuma kitoroli kutoka mjini mpaka Kenya, mimi, Ngosa na Kazadi, katikati ya watu wanaotoka sokoni, na wengine walitucheka wakidhani tunauza mashine ya kusaga. Tukakiweka mbele ya nyumba ya Ngosa, chini ya bati moja. Mama Feza aliosha mkono wangu akanifunga kitambaa kipya. Siku ya kwanza hakuna aliyesimama. Ya pili vilevile. Magari yalipita, teksi, malori ya mkaa, na hakuna hata mmoja aliyejua sisi ni akina nani, na wachache waliojua walikumbuka neno lile la mwizi. Siku ya tatu watoto walikuwa wamekula viazi vya kuomba kwa jirani. Ndani ya mota palibaki petroli ya kuiwasha mara moja, si zaidi. Ngosa alifungua kifuniko, akatazama, akafunga.

"Mudogo," akaniambia, "tunaichunga ya mukiliya, ao tunamuita?"

Kazadi alisema tuichunge. Mteja akija na hatuna petroli itakuwa aibu juu ya aibu. Mimi nilimtazama Mama Feza aliyesimama mlangoni. Akasema, "Mumuite."

Ngosa akavuta kamba. Mota ikakohoa, ikashika, kitoroli chote kikaanza kutetemeka, na matangi ya basi yakaanza kujaa. Akaunganisha mpira, akainua pistole juu ya kichwa chake, bila kuielekeza kwenye gurudumu lolote, akabonyeza. Ililia mtaa mzima. Watu walitoka vibarazani, mama wa mandazi akaziba masikio, mbwa wakakimbia. Akaachia, akabonyeza tena, akaachia, uso wake umekaza, machozi yanamtoka bila yeye kuyajali, kisha akaiacha mota ijaze matangi mpaka ikaanza kupunguza sauti, ikakohoa, ikazima. Matangi yalikuwa yamejaa. Tulikaa tukiisikiliza hewa ile iliyokuwa mali yetu yote, tukiomba isivuje.

Jua lilikuwa limeinama upande wa Katuba wakati teksi moja ya buluu iliyokuwa imetupita ilipokanyaga breki mbele kule, ikarudi kinyumenyume katika vumbi lake. Dereva akatoa kichwa dirishani. Gurudumu la nyuma lilikuwa bapa, na nati, alisema, zimeshikana na kutu, amevunjia spana mbili.

"Nani iko na hewa hapa?" akauliza.

Ngosa alisimama, akafunga kifungo cha juu cha overoli.

"Sisi," akasema.